Mgeni amekuja Kikopey kupiga picha mwewe. Je, mwenyeji amepona?

Ukitoka Nairobi kuelekea Nakuru, ukishapita mji wa Gilgil, moshi ndio unaokwambia kwamba umefika Kikopey. Vibanda vya nyama choma vimepangana kando ya barabara kuu, mbuzi na kondoo wananing'inia nyuma ya vioo, na vijana wanapunga mikono kila gari linapopunguza mwendo. Kwa wengi wetu tuliotoka Pwani, Kikopey ni hapo tu, pahali pa kula kabla ya kuendelea na safari. Mimi mwenyewe nimepita mara nyingi, na swali langu limekuwa moja siku zote: nani amechinja?

Mapema mwaka huu nililala huko siku mbili, na safari hii sikufuata nyama. Mtoto wa ami yangu ni dereva wa watalii, makao yake Mombasa. Alikuwa amepata mgeni kutoka Ulaya, mzee aliyestaafu, ambaye hakutaka simba wala ndovu. Alitaka ndege wawindaji: mwewe, tai, kipanga. Tena hakutaka kuwaona kutoka garini. Alitaka kukaa kibandani, karibu nao, na kamera yake. Mimi nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, akanipigia simu: "Kaka, njoo unisaidie kuzungumza na wenyeji, na huenda ukapata la kuandika."

Nimepata la kuandika, ijapokuwa si lile alilolikusudia yeye.

Biashara ya kujificha

Msomaji asiyejua atauliza, kibanda cha nini? Ndege mwindaji ana macho makali kuliko yetu kwa mbali mno. Ukimkaribia kwa miguu, ameshakuona kabla hujamwona. Kwa hivyo wapiga picha hujenga kibanda kidogo cha mbao au turubai, chenye tundu la kutolea lenzi. Unaingia alfajiri kabla ya mwanga, unakaa kimya saa nyingi, na ndege anaendelea na maisha yake kama kwamba hupo. Kuna hila nyingine ya zamani: mnaingia watatu, kisha mmoja anatoka na kwenda zake waziwazi. Ndege hajui kuhesabu. Akimwona aliyetoka, anadhani kibanda ni kitupu.

Ulaya, jambo hili limekuwa biashara kubwa. Mpiga picha wa Hungaria, Bence Máté, alipata sifa kwa vibanda vyenye kioo ambacho aliye ndani huona nje na aliye nje haoni ndani. Ufini na Uhispania watu hulipa kwa siku wakae kibandani wakimngoja tai. Hapa kwetu Kenya, kule Shompole, kusini mwa Bonde la Ufa katika ardhi ya Wamaasai, kuna kibanda kando ya kidimbwi ambamo wageni hulala usiku kucha wakiwapiga picha wanyama wanaokuja kunywa maji.

Kikopey nayo ina sababu ya kutamaniwa. Chini yake kuna Ziwa Elementaita, ambalo pamoja na Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria liliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011. Kando ya ziwa kuna hifadhi ya Soysambu. Kuna majabali, kuna mbuga, kuna mashamba, na kuna mabaki ya nyama kila siku ya Mungu. Ndege mwindaji atake nini tena?

Kibanda chetu kilikuwa cha turubai tu. Kilisimamishwa pembeni mwa shamba la mzee mmoja analima viazi na mahindi. Mwongozaji aliyeajiriwa na mgeni alikuwa ametangulia kwa wiki nzima kuweka chambo: vipande vya matumbo na mapafu kutoka kwenye mabucha ya barabarani, juu ya gogo lililosimamishwa mbele ya kibanda. Ndivyo inavyofanywa. Ndege huzoeshwa kwanza, ili mgeni akifika asingoje bure.

Waliokuwa wakizoeshwa ni mume na mke wa aina ya mwewe ambaye, ukipita barabara za Bonde la Ufa, huenda umemwona bila kumjua jina. Mgongo wake mweusi, kifua cheupe, mkia rangi ya matofali. Chakula chake hasa ni panya na fuko. Mkulima wa viazi anajua vizuri fuko ni nani.

Mlingoti

Siku ya kwanza tuliingia baada ya Sala ya Alfajiri. Jua lilipochomoza akaja mwewe mmoja, akatua kwenye gogo, akala, akaondoka. Mgeni alipiga picha mamia. Lakini alikuwa ameahidiwa wawili. Tukangoja hadi adhuhuri. Hakuja wa pili. Siku ya pili hali ikawa ile ile.

Mchana wa siku ya pili nilitoka kutafuta maji ya kutawadha. Mzee mwenye shamba akanipa, na nilipomaliza kusali akanivuta kando. "Ustadh," akaniambia, maana huko bara ukivaa kofia wewe ni Ustadh, "usimwambie mzungu." Akanipeleka nyuma ya ghala, akafunua gunia. Ndani yake mlikuwa na mwewe wa pili, amekufa. Ubawa mmoja ulikuwa umeungua na miguu imekunjamana.

Alimwokota chini ya mlingoti wa stima, siku moja kabla ya sisi kufika. Mlingoti wenyewe ulikuwa hauko mbali na gogo letu la chambo, hatua za kuhesabu. Zamani, mzee akasema, hapo palikuwa na mgunga mkubwa na ndege walikuwa wakitua juu yake. Mgunga ukakatwa makaa. Ukabaki mlingoti.

Nikamuuliza kwa nini alificha. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Alikuwa akilipwa shilingi elfu mbili kwa siku kwa ajili ya kibanda kuwekwa shambani mwake. Kama angesema ndege mmoja amekufa, huenda wageni wangehamia kwengine, na elfu mbili ya siku ya pili ingekwenda nao. "Huyu alikuwa akinisaidia na fuko," akasema akifunga gunia. "Lakini yeye hanilipii karo."

Ndugu msomaji, maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Lenzi ya yule mgeni peke yake, kwa maneno yake mwenyewe, ilimgharimu zaidi ya shilingi milioni moja. Na aliyekuwa akimlisha ndege yule kwa fuko wa shamba lake mwaka mzima, alimficha maiti yake gunia kwa sababu ya elfu mbili. Sisi nasi, tuliosema tunawapenda ndege, tuliwaita kwa chambo hadi ubavuni mwa nyaya. Sikumsikia yeyote kati yetu, mimi nikiwemo, aliyeinua macho akautazama ule mlingoti kabla ya kuweka gogo.

Nilimwambia mgeni, baada ya mzee kuridhia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama mlingoti hauwezi kufunikwa. Mtoto wa ami yangu akajibu kwamba hiyo si kazi ya dereva. Ni kweli si kazi yake. Basi ni kazi ya nani?

Si bahati mbaya ya siku moja

Wengi hudhani ndege hawezi kudhurika na stima, maana tunaona shomoro na njiwa wamejipanga kwenye waya kutwa nzima. Shomoro ni mdogo. Akigusa waya mmoja pekee, umeme hauna njia ya kupita mwilini mwake. Mwewe na tai wana mabawa mapana. Wakitua juu ya mlingoti wenye mkono wa chuma na kufungua mabawa, ubawa mmoja unagusa waya na mguu uko kwenye chuma, au mabawa yote mawili yanagusa nyaya mbili. Hapo ndipo umeme unapopita. Milingoti ya zege yenye vyuma juu ni hatari zaidi kuliko ile ya miti mikavu, kwa sababu chuma na zege hupeleka umeme ardhini.

Mwaka 2022 watafiti walichapisha kazi iliyolinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kando ya barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na zile za kuanzia 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 walizozichunguza, aina 19 zilikuwa zimepungua, na baadhi yake kwa zaidi ya asilimia 90. Mwewe wa yule mzee, ambaye zamani alikuwa ndege wa kila mlingoti, ni miongoni mwa waliopungua sana. Ndani ya mbuga na hifadhi hali ni afadhali. Nje yake, yaani mashambani, malishoni na kandokando ya miji, ndiko wanakokwisha. Kuna sumu inayotiwa kwenye mizoga kuwaua fisi na simba, ikaishia kwa tumbusi. Kuna miti iliyokatwa. Na kuna nyaya.

Sisemi stima isipelekwe vijijini. Mzee yule ana taa, ana simu iliyojaa moto, na mjukuu wake anasoma usiku. Niliyekulia kwenye kibatari sina ulimi wa kumwambia mtu wa Kikopey arudi gizani kwa ajili ya mwewe. Lakini dawa ya jambo hili haihitaji giza. Nyaya zinaweza kutenganishwa zaidi, au kuning'inizwa chini ya mkono wa chuma badala ya kupita juu yake. Mlingoti uliokwisha kusimama unaweza kuvishwa vifuniko vya plastiki pale ndege anapotua. Si lazima milingoti yote ya nchi. Anza na ile iliyo karibu na maziwa, machinjio, majalala na viota. Na ile iliyo karibu na vibanda vya wapiga picha.

Tena tusidhani hasara hii ni ya ndege pekee. India walipoteza tumbusi wao karibu wote katika miaka ya 1990, kwa sababu ya dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe, iitwayo diclofenac. Tumbusi akila mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa, figo zake zinakufa. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa wakaongezeka, maji yakachafuka. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulikadiria kwamba kati ya 2000 na 2005 watu kama nusu milioni zaidi walikufa kwa sababu msafishaji yule hakuweko. Ndege tunayemwona mchafu ndiye aliyekuwa akituondolea uchafu.

Waliogeuza mambo

Kuna mfano mwengine wa India ambao unatuhusu sisi watu wa Pwani kwa karibu zaidi. Kila mwaka, mwezi wa Novemba na Desemba, vipanga wa Amur huvuka Bahari Hindi kutoka India kuja Afrika. Uzito wao haufiki robo kilo. Wanavuka wakisaidiwa na upepo wa kaskazi, ule ule uliowaleta wazee wetu na majahazi yao. Kabla ya kuvuka, hukusanyika Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, karibu na bwawa la Doyang. Mwaka 2012 ilifichuka kwamba walikuwa wakinaswa huko kwa nyavu, makumi kwa maelfu, na kuuzwa kama nyama.

Mwaka uliofuata uwindaji ule ulikoma. Hawakupelekewa jeshi. Mabaraza ya vijiji yalikaa na kupiga marufuku, viongozi wa makanisa yao wakahubiri, watoto wakafundishwa shuleni. Kisha wageni wakaanza kuja kuwatazama vipanga hao, na vijana wa pale pale wakawa ndio waongozaji. Wale waliokuwa wakitega nyavu ndio waliojua ndege wanalala wapi, na elimu hiyo sasa ikawa na bei.

Mambo mawili yalikwenda pamoja kule: wakubwa wa jamii walisema neno, na mwenyeji akapata chake. Kikopey hakuna aliyesema neno, na mwenyeji alipata elfu mbili.

Na sisi Pwani?

Huenda msomaji wa Kisauni, Malindi au Lamu anajiuliza Kikopey inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu biashara hii iko kwetu pia, na kwa upande mmoja tumewatangulia.

Pale Mida, karibu na Gede, kuna ujia wa mbao uliotundikwa juu ya mikoko, na mwisho wake kuna kibanda cha kutazamia ndege. Mgeni hukaa pale akiwatazama ndege wanaohama kutoka kaskazini, na akijaaliwa humwona furukombe au mwewe mvuvi. Kiingilio chake hakiishii mifukoni. Shirika la A Rocha Kenya limekuwa likiendesha mpango uitwao ASSETS, ambao pesa za utalii kama hizo, pamoja na michango mingine, husaidia kulipa karo za sekondari za watoto wa familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida. Hebu irudie ile kauli ya mzee wa Kikopey: yeye hanilipii karo. Mida, kwa baadhi ya familia, ndege analipa karo.

Na ndani ya msitu huo huo yuko kibundi wa Sokoke, bundi mdogo asiyezidi ukubwa wa kiganja kwa kiasi kikubwa, anayepatikana hapo na katika vilima vya chini vya Usambara Mashariki kule Tanzania. Watu hutoka nchi za mbali kwa ajili yake peke yake, na wanaojua analala tawi gani mchana ni waongozaji wa vijiji vya hapo hapo.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Ukitoka Mida kilomita chache tu, bundi akilia juu ya dari mtoto anatumwa kumpiga mawe, kwa sababu tumeambiwa analeta msiba. Msiba huja kwa kadari ya Mungu, hauletwi na bundi. Na bundi yule usiku kucha anakula panya wanaotumalizia unga.

Nimefikiri kwa nini sisi hatuwajali ndege hawa. Nadhani ni kwa sababu hatuwali. Dini yetu inamkataza Muislamu kula ndege mwenye makucha ya kuwindia. Wala hatuwafugi, tofauti na ndugu zetu wa Ghuba, ambako kipanga ana pasipoti yake na hupanda ndege na bwana wake. Hatuwali, hatuwafugi, kwa hivyo tunaona hawatuhusu. Ilhali Qur'ani katika Surat al-An'aam inatukumbusha kwamba wanyama na ndege nao ni umma kama sisi, na katika Surat al-Maida imetaja wanyama wawindaji waliofunzwa kama elimu aliyotufundisha Mwenyezi Mungu. Khutba moja ya Ijumaa juu ya bundi na sumu ya panya ingefanya kazi ambayo mabango kumi hayataifanya.

La kufanya

Kwanza, vibanda viwe na masharti. Kaunti ya Nakuru, na zetu za Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta, zinaweza kuweka kanuni fupi: hakuna kibanda wala chambo karibu na mlingoti usiofunikwa, hakuna kibanda karibu na kiota chenye mayai au makinda, na nyama ya chambo itoke kwa mnyama ambaye hakutiwa dawa. Anayetaka picha afuate, asiyetaka aende akapige picha kunguru.

Pili, mwenye shamba awe mshirika, si mkodishaji wa siku mbili. Aandikiwe mkataba, alipwe kwa mwaka, na malipo yaendane na kuwepo kwa ndege. Mzee wa Kikopey angekuwa na mapatano ya namna hiyo, angekuwa wa kwanza kupiga simu alipomwona ndege anatua kwenye mlingoti. Kwa mapatano ya siku, alikuwa na kila sababu ya kufunga gunia.

Tatu, milingoti. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilianzisha kamati katika kila kaunti, na tumezoea kuzisikia pale ndovu anapovunja ua au mamba anapomshika mtu. Wajumbe wake waulizwe pia: katika kaunti hii, ni milingoti mingapi imeua ndege, na mingapi imefunikwa? Wananchi wakiokota ndege chini ya nyaya wapige picha kwa simu na kuipeleka ofisi za wanyamapori. Shirika la Kenya Bird of Prey Trust linawatibu ndege wawindaji waliojeruhiwa kule Naivasha na Soysambu, na habari kama hizo zina faida kwao.

Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Yule mgeni aliondoka na picha zake za mwewe mmoja, nzuri mno, alinionyesha. Kabla hatujaondoka alimwongezea mzee pesa kwa hiari yake, na mzee akashukuru. Lakini shukrani ya bahasha si kupona.

Tulipofika barabarani tulisimama kwenye kibanda kimoja cha nyama. Nikauliza nani amechinja, nikajibiwa, nikala. Juu ya paa mwewe wengine walikuwa wakizunguka wakingojea mabaki, na nyuma ya kibanda umesimama mlingoti. Safari hii niliutazama.